Pete iliyopotea Ijumaa imeonekana chini ya sufuria ya adesi Jumanne: iliingilia wapi?

#1 Mwanakitongoji
Habari za jioni wakuu. Naomba wajuzi wa jiko, mabomba na vito.

Pete ya dhahabu yenye alama 750 kwa ndani, na jiwe dogo la tanzanaiti, ilipotea Ijumaa. Chini ya kitanda, kwenye sinki, mifukoni mwa nguo chafu, kote haikuonekana. Jumanne usiku adesi nyekundu nusu kilo zimechemka dakika 20, zimelainika, upawa ukagonga kitu kigumu chini ya sufuria, kikalia. Ndiyo hiyo pete.

Adesi zilitoka kwenye kopo la plastiki la lita 2. Zilisuuzwa maji mawili kwenye bakuli, hazikuchambuliwa. Ndani kulikuwa na manjano, kitunguu, nyanya mbili na chumvi.

Nauliza: iliingia vipi? Adesi zinalika? Na pete yenyewe imepona?

#2 Mama Lishe wa Stendi
Pole kwa kutafuta, hongera kwa kupata.

Imevuka kidoleni wakati wa kusuuza. Adesi nyekundu zimeshakobolewa na kupasuliwa, hazina ganda, kwa hiyo maji ya kwanza hutoka meupe na yenye povu. Povu lile linateleza kama sabuni nyepesi. Maji ya bomba yakiwa baridi, kidole nacho hunywea. Hapo unasugua kwa viganja viwili: pete inatoka bila mtu kuhisi, inazama, adesi zinaifunika. Ukimimina zote sufuriani, imekwenda nazo.

Halafu maji mawili hayatoshi. Suuza manne au matano, hadi uone vidole vyako vilivyo chini ya bakuli. Usipofanya hivyo povu litapanda na kumwagikia jiko.

#3 Ungo na Kinu
@Mama Lishe, rudi #1 usome siku. Pete ilipotea Ijumaa, adesi zimepikwa Jumanne. Haiwezi kuvuka Jumanne kwenye kidole ambacho haikuwapo tangu Ijumaa.

Kilichoniuma mimi ni neno "hazikuchambuliwa". Watu wanadhani adesi za dukani ni safi kwa kuwa zinang'aa. Zina vijiwe vyenye rangi ileile ya punje. Mwaga konzi moja upande mmoja wa sinia, tandaza hadi punje zilale safu moja, kisha zivute kwa vidole kwenda upande wa pili huku ukitazama. Nusu kilo ni konzi kumi hivi, dakika tano zinatosha. Tumia sinia la bati, siyo la plastiki, maana jiwe likidondoka kwenye bati unalisikia kabla hujaliona. Pete ndiyo kabisa, ingelia kama kengele.

Ungo ni mzuri kwa makapi na vumbi: ukipepeta, vyepesi vinaruka mbele, vizito vinarudi nyuma. Kwa mawe, njia ya bibi zetu ni kukosha kwa mabakuli mawili. Jaza maji, zungusha kwa mkono hadi punje zinyanyuke, kisha inamisha bakuli taratibu, adesi na maji viende pamoja kwenye bakuli la pili. Usimwage kwa mkupuo mmoja. Ongeza maji, zungusha tena, mimina tena, mara tatu au nne. Mwisho kinabaki kijiko kimoja cha adesi chini, na mawe yote yamo humo. Kijiko hicho unakichambua kwa vidole au unakitupa.

#4 Karai la Chunya
Alichoeleza @Ungo na Kinu ndiyo kazi ileile ya karai kwa wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita, tofauti ni kinachotafutwa.

Hesabu yake ni hii. Dhahabu safi ina uzito mara 19 ya maji ya ujazo uleule. Ya alama 750 imechanganywa na madini mengine, inashuka hadi mara 15 hivi. Kijiwe cha kawaida ni mara mbili na nusu. Punje ya adesi ni mara moja na kidogo tu, ndiyo maana maji yakizunguka inanyanyuka. Kwa hiyo njia inayokamata kijiwe haiwezi kuikosa pete. Fedha pia ingekamatwa, ni mara 10 na kidogo.

Kinachoshinda watu ni haraka. Ukizungusha kwa nguvu sana maji yanabeba hata kizito. Ni mzunguko mpole, na mdomo wa bakuli uinamishwe kidogo tu.

#5 Fundi Mabomba
Mwanakitongoji kapata yake, lakini uzi huu utasomwa na mtu ambaye pete yake iko kwenye sinki sasa hivi. Huyo nafasi yake anaiharibu dakika ya kwanza kwa kufungua maji eti aone kama itatokea.

Funga bomba. Usimwage hata kikombe. Chini ya sinki kuna bomba lililopinda kama herufi U, au kikopo kama chupa. Kazi yake ni kubakiza maji yazuie harufu, na kitu kizito kama pete hukaa hapohapo kwenye kona. Weka ndoo chini. Nati za plastiki zinafunguka kwa mkono. Zikigoma, zungushia kitambaa ndipo uweke spana, maana plastiki ikipasuka kazi inakuwa nyingine. Ile ya chupa ni rahisi zaidi, unafungua kikombe cha chini tu.

Hapa ndipo wengi wanalia: wamefungua vizuri, maji machafu yameingia ndooni, kisha kwa mazoea wanaimwaga ndoo kwenye sinki lilelile ambalo halina bomba chini. Maji miguuni na pete chini ya kabati. Mwaga ndoo kupitia chujio, nje, mchana.

Ukirudisha, angalia washa za mpira (vile vipete bapa vya kwenye nati) zimekaa na hazijapinda. Fungua maji kidogo, pitisha karatasi kavu kuzunguka nati. Ikilowa, kaza robo mzunguko.

Mpira wa kuzibulia usitumie, unaisukuma pete mbele. Dawa ya kuzibua yenye magadi makali nayo usitie, inaunguza ngozi na utahitaji kuingiza mkono mle baadaye. Kama maji mengi yameshapita, usikate tamaa: fungua chemba ya kwanza nje ya ukuta wa jiko. Kitu kizito husafiri polepole kuliko uchafu mwepesi, mara nyingi hunasa kwenye mafuta yaliyoganda.

#6 Sonara wa Kona
Kuhusu pete. Dhahabu ya 750 ni sehemu 750 kati ya 1,000, yaani karati 18. Maji yanayochemka ni nyuzi 100, dhahabu ya 750 huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 900, kwa hiyo chuma chake hakina habari. Nyanya mbili hazikuifanya kitu.

Wasiwasi wangu ni jiwe. Tanzanaiti, ambayo duniani kote inachimbwa Mererani tu, haipendi joto kubadilika ghafla. Kama imepanda joto taratibu pamoja na sufuria, kuna matumaini. Ila kama ilitolewa ya moto ikawekwa chini ya bomba la baridi, hapo ndipo huchanika kwa ndani. Itazame kwenye mwanga wa dirishani: ukiona mstari kama unywele au utando mweupe ambao haukuwepo, usiivae kwa kazi tena, ipeleke kwa sonara.

Kagua pia vikucha vinavyoshika jiwe. Gonga pete taratibu kwa kucha karibu na sikio. Ikitoa mlio wa kucheza, kikucha kimelegea, na safari ijayo utatafuta jiwe bila pete.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo matone mawili, mswaki laini, ndani ya bakuli. Siyo juu ya sinki lililo wazi, @Fundi Mabomba ameshasema yote. Mashine za kusafisha kwa mtetemo tanzanaiti haizitaki.

Kwa wengine: lulu na opali ingekuwa habari mbaya, zina vinyweleo, manjano yangezama humo. Zumaridi nyingi zimetiwa mafuta kuficha nyufa, mafuta hayo hutoka kwa joto. Almasi ingetoka inang'aa. Pete ya fedha ya 925 ingeweza kutoka nyeusi kwa salfa ya vitunguu. Hiyo husafishwa kwa kutandika foili ya aluminiamu kwenye bakuli, kijiko kikubwa cha soda ya kuokea, kikombe cha maji ya moto, pete iiguse foili dakika mbili tatu. Njia hiyo usiifanyie pete yenye jiwe.

#7 Bwana Afya
Adesi zinalika? Inategemea ni pete gani, na @Sonara wa Kona ametusaidia: dhahabu 750 ni salama. Vijidudu vya kidoleni havikustahimili dakika 20 za kuchemka.

Jibu linabadilika kwa mapambo ya bei rahisi. Pete na hereni za kupakwa rangi ya dhahabu huweza kuwa na nikeli, risasi au kadimiamu chini ya ile rangi. Chumvi na uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju huvuta madini hayo yaingie kwenye mchuzi, na kuchemsha hakuyaondoi. Hapo mwaga chakula. Hali kadhalika ufunguo: shaba ya njano ya funguo mara nyingi hutiwa risasi kidogo ili ikatike vizuri kwenye mashine. Na kitu chochote chenye betri ndogo, kama saa au kifaa cha kusikia, mwaga bila kufikiria mara mbili.

Hata kwa hii, hesabu kwanza. Pete ni nzima? Jiwe lipo? Kikucha hakijakatika? Kipande cha milimita moja kwenye adesi hutakiona, jino ndilo litakalokiona.

#8 Kamande Tamu
Hamjambo. Niko Kenya, nimesoma hadi #4 ndipo nikaelewa mnazungumzia kamande. Huku adesi ni kamande. Na kuna mtu atakuja aseme dengu, sisi tutadhani ni ndengu zile za kijani.

#9 Binti Pemba
Karibu @Kamande Tamu. Ndengu zenu za kijani sisi ni choroko. Dengu Bara ni zile nene zenye kidomo, zinazolimwa sana Shinyanga na Mwanza, ndizo zinazosagwa unga wa bajia. Adesi ni adesi, punje bapa. Ila utakuta mtu wa Dar anaziita hizihizi dengu na hakuna anayemkatalia, kwa hiyo ukituma mtoto dukani mwonyeshe kwa vidole.

#10 Mwalimu wa Zamu
Adesi ni neno la Kiarabu, adas. Na lenzi ya kamera au miwani kwa Kiarabu ni adasa, punje moja ya adesi, kwa sababu ya umbo: imetuna katikati, imechongoka pembeni. Kilatini nacho kilifanya hivyohivyo, lenzi imetokana na jina la adesi. Ukiishika nzima ile ya kahawia kwenye mwanga utaona.

Samahani kwa kuwatoa njiani. Endeleeni na pete.

#11 Mwanakitongoji
Shukrani nyingi wakuu. Pete ilipoa yenyewe kwenye sahani, haikuguswa na maji baridi. Jiwe lipo, vikucha vinne vipo, halina mstari.

Nyongeza muhimu ambayo sikuiandika mwanzo: Ijumaa hiyo yalifanyika mambo mawili jikoni. Adesi zilihamishwa kutoka mfuko wa dukani kwenda kwenye kopo. Na unga wa chapati ulikandwa.

#12 Ungo na Kinu
Basi shauri limekwisha. Kuhamisha nafaka, mfuko ukifika chini mtu huingiza mkono kukung'uta pembe. Pete inashikwa na plastiki, inavuka, inaanguka na punje za mwisho. Imekaa kopo siku nne ikisubiri.

Ndiyo maana nafaka huchotwa kwa kikombe, na kikombe kinakaa humohumo kopo. Mkono hauingii. Una unyevu pia, na unyevu ndio unaoleta wadudu na ukungu.

#13 Mama Lishe wa Stendi
Nimekubali kuhusu siku, nilisoma haraka. Lakini shauri halijaisha, kuna chapati.

Mtu akikanda unga anavua pete. Anaiweka wapi? Mikono ina unga, hawezi kwenda chumbani. Anaiweka kwenye kitu kidogo kilicho karibu: kisosi, kifuniko, kibakuli cha chumvi. Chapati zina chumvi, kibakuli kilikuwa wazi pembeni yake. Pete ikizama kwenye chumvi haionekani, na siku nne zikipita hakuna anayekumbuka. Jumanne adesi zinatiwa chumvi, pete imeenda nayo.

@Mwanakitongoji, chumvi yako inakaa kwenye nini?

#14 Karai la Chunya
Kopo lina tatizo moja. Kama pete iliingia Ijumaa na punje za mwisho, ilikuwa juu ya kopo. Ila kopo limebebwa, limefunguliwa, limetikiswa. Kizito hushuka. Ingekuwa chini kabisa, na nusu kilo ya juu isingeifikia.

#15 Kamande Tamu
Hapo @Karai la Chunya unachanganya maji na kukavu. Kwenye maji kizito huzama, sawa. Kwenye nafaka kavu inayotikiswa, kikubwa mara nyingi hupanda. Kila mtikiso unafungua nafasi chini ya kile kikubwa, punje ndogo zinaingia hapo, kinasukumwa juu kidogo kidogo. Tikisa kopo la karanga mchanganyiko uone zipi zinakuja juu: zile kubwa.

Pete ya kidole cha mwanamke ina upana wa milimita 20 hivi kwa nje, punje ya adesi nyekundu ni milimita nne. Kwa hiyo inaweza ikabaki juu.

#16 Karai la Chunya
@Kamande Tamu nakubali kwa karanga, ni gimba lililojaa. Pete ina tundu. Punje zinapita katikati yake, haina tumbo la kusukumwa. Na ni nzito mno kwa ukubwa wake. Anayeweza ajaribu: washa ya chuma yenye upana wa milimita 20, kopo la lita 2 lijazwe robo tatu, washa iwekwe juu ya adesi, kopo litikiswe kwa kugongagonga mezani mara 100, kisha zichotwe kikombe kwa kikombe na kuhesabu. Halafu arudie washa ikiwa imeanzia chini. Akitumia kopo lililojaa hadi mdomoni hatapata jibu, punje hazina pa kusogea.

#17 Jirani wa Mazimbu
Hakuna aliyetaja panya. Panya buku, wale wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, porini ni wakusanyaji wakubwa. Wana vifuko mashavuni, wanabeba karanga, mbegu na hata vitu visivyolika, wanaenda kuvilundika shimoni.

#18 Ungo na Kinu
@Jirani wa Mazimbu, panya buku anabeba kwenda shimoni, siyo kuleta kwenye kopo lenye mfuniko. Na panya akiingia kwenye adesi anaacha kinyesi na mfuko uliotafunwa. Huyo angeonekana kabla ya pete.

#19 Mpita Njia
Samahani wakuu, kinyume chake: pete imegoma kutoka, kidole kimevimba. Nataka kukanda unga na nimesoma #13 nimeogopa.

#20 Sonara wa Kona
@Mpita Njia, inua mkono juu ya moyo dakika tano hadi kumi, kidole kiwe kwenye maji baridi, kisha sabuni ya maji au mafuta. Usivute moja kwa moja, zungusha huku ukivuta.

Ikigoma, tumia uzi mwembamba imara, ule wa meno ni mzuri. Pitisha ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani, mwache mtu aishike. Upande wa pili uzungushie kidole kuanzia karibu kabisa na pete kwenda juu, mizunguko ikigusana, hadi upite fundo la kidole. Sasa shika ile ncha ya kiganjani na uanze kuufungua uzi kutoka chini ukielekeza kwenye ncha ya kidole. Pete inapanda ngazi pamoja na uzi. Ifanye bila kusita, uzi usikae kidoleni zaidi ya dakika chache. Kidole kikiwa cha bluu, baridi au kimekufa ganzi, acha yote nenda hospitali, pete ikatwe. Pete iliyokatwa inaungwa.

Kwa pete inayolegea, sonara anaipunguza, au anatia vishanga viwili kwa ndani. Ipimwe jioni, maana asubuhi na kwenye baridi vidole huwa vyembamba.

#21 Binti Pemba
Na ingekuwa pete si ya nyumbani kwako? Adesi za kupima zinachotwa gunia lilelile na mikono mingi. Kiwandani kuna sumaku, lakini sumaku haivuti dhahabu wala fedha. Ukikuta kitu cha thamani kwenye mfuko wa dukani, kwa Waislamu hiyo ni luqata: unaihifadhi, unaitangaza mwaka mzima kwa sifa zake za juu tu, alama moja unaificha ili mwenyewe aitaje. Anza na muuza duka, kisha serikali ya mtaa.

#22 Kamande Tamu
Asante @Binti Pemba, hilo la kuficha alama moja ni zuri. Kwa pete, ficha namba iliyopigwa ndani.

Na mtu mwenye gunia la kilo 25 asichambue kwa konzi. Atafute chujio la tambi lenye matundu ya milimita 8. Adesi zinapita kama mvua, pete inabaki.

#23 Mama Lishe wa Stendi
Na zikishaiva, usichote kwa kubahatisha. Zilegeze kwa maji ya moto, kiasi sawa na adesi zenyewe, ndipo upitishe kwenye chujio hilohilo la @Kamande Tamu. Uji mzito hauchujiki.

Onyo la presha kuka: adesi zisizidi nusu ya sufuria, povu lake huziba tundu la mvuke. Pete haiwezi kupanda kwenye tundu, lakini kipini cha pua au kishikizo cha hereni ni kidogo na chepesi. Ukisikia kitu kinagonga ndani, zima moto, acha presha ishuke yenyewe. Usilazimishe mfuniko.

#24 Mwanakitongoji
@Mama Lishe, chumvi inakaa kwenye kibakuli cha udongo, bila mfuniko, karibu na jiko. Ilitiwa dakika ya 15, kwa vidole vitatu. Kopo lina mfuniko wa kuzungusha na lilikuwa nusu.

Zimebaki adesi nusu sufuria, zimekuwa nzito kama ugali. Zinapashwaje?

#25 Binti Pemba
Tia maji ya moto robo kikombe kwa kila kikombe cha adesi, moto mdogo, koroga kutoka chini. Zikianza kuchemka ndipo utie tui zito, zisichemke kwa nguvu tena, tui litakatika. Ndimu ni baada ya kuepua. Na safari nyingine nyanya uzitie adesi zikishalainika, uchachu unazichelewesha kuiva.

#26 Mama Lishe wa Stendi
Kibakuli wazi, vidole vitatu! Vidole vitatu vikichota chumvi yenye unyevunyevu vinabeba donge, na ndani ya donge hujui kuna nini. @Mwanakitongoji, kabla ya dakika ya 15 ulikoroga?

#27 Mwanakitongoji
Ndiyo, dakika ya 10, kuondoa povu na kukoroga mara moja. Hakuna kilicholia.

#28 Mama Lishe wa Stendi
Basi dakika ya 10 haikuwemo. Ilikuja na chumvi.

#29 Ungo na Kinu
Ulikoroga kwa nini, mwiko au upawa?

#30 Mwanakitongoji
Mwiko wa mti. Upawa wa chuma ni wakati wa kupakua.

#31 Ungo na Kinu
Mti haulii. Dakika ya 10 adesi bado ni punje, zimejazana chini, pete imelala bapa katikati yake na mwiko unapita juu. Kulia kulisubiri chuma kwa chuma.

#32 Mama Lishe wa Stendi
Mwiko haulii lakini mkono unahisi. Kitu kigumu chini ya sufuria kinakwaruza, mshipa wa mkono unajua kabla ya sikio. @Mwanakitongoji, mwiko ulifika chini kabisa, au uliishia katikati?

#33 Karai la Chunya
Na kwenye kibakuli cha chumvi, angalia kama kuna alama ya duara pembeni au chini. Chumvi yenye unyevu huganda kuzunguka kitu kilichokaa siku nne. Usikikoroge kabla hujapiga picha.